Mgeni wa Kaka Baltazar

Simu ililia tukiwa katikati ya rozari. Siku hiyo jumuiya ilisali nyumbani kwangu, hapa Tlawi, nami nilikuwa nimeiweka simu juu ya kabati nikasahau kuizima. Ikalia, ikakatika, ikalia tena. Nilipoona ni wifi yangu Eva, mke wa kaka yangu Baltazar, nikatoka nayo uani.

"Shikamoo wifi."

Hakuitikia. Akaniuliza, "Fransiska, uko na nani hapo?"

"Niko na wanajumuiya."

"Wapo watu wazima?"

"Wapo. Kuna nini?"

"Basi rudi ndani ukae, halafu umpe simu mmoja wao."

Nikakaa palepale, juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Wifi, niambie mimi mwenyewe."

"Kaka yako hatunaye. Amekunywa uji, akasema anakwenda kuangalia mbaazi. Akakaa kwenye benchi ya nje avae buti. Evaline alipotoka kumwaga maji akamkuta ameegemea ukuta, buti moja mguuni, nyingine mkononi. Tulidhani amesinzia."

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka kwamba kabla hatujakata simu aliniambia jambo jingine, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa na waliokuwa wakiingia kumpa pole. Alisema wazee wameshakaa na wameamua wasifu wa marehemu nitausoma mimi, kwa kuwa ndiye dada yake pekee na nimefika kidato cha nne. "Na wifi, watu wameshaanza," akasema. "Dukani wanaulizana kama balozi atakuja kumzika mtekaji wake."

Niliporudi ndani wanawake walinishika, wakanikalisha, na mafumbo yaliyobaki wakamsalia Kaka. Mimi nilikuwa nawaza neno lile la dukani. Huko Gitting, kwa miaka mingi, kaka yangu aliitwa Mteka Balozi. Aliitwa hivyo shambani, mnadani, hata nje ya kanisa baada ya misa, naye hakuwahi kumjibu mtu. Sasa alikuwa anakwenda kuzikwa na jina hilo. Katika watu wetu, wawili tu tuliokuwa hai tulijua kwamba si lake, mimi na mjane wake, na tulikuwa tumemwahidi kunyamaza.

Tulizaliwa Gitting, chini ya Mlima Hanang. Baba yetu, mzee Akonaay, alilima ngano na mahindi. Baltazar alikuwa mtoto wa kwanza na mimi wa mwisho. Wa katikati Mungu aliwachukua wakiwa wadogo. Baba alipofariki nilikuwa darasa la tatu, na Kaka ndiye aliyenisomesha. Yeye aliishia la saba. Alianza kama utingo kwenye lori la misheni, akajifunza gari humohumo, na alipopata leseni akaenda Dar es Salaam. Huko alipata kazi ya udereva kwenye ubalozi wa nchi moja ya Afrika. Nchi hiyo siitaji. Ina watu wake, nao wameteseka vya kutosha.

Alimwendesha balozi wa nchi hiyo kwa miaka mingi. Balozi alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyependa kukaa kiti cha mbele pembeni ya dereva wake, na maofisa wenzake walimcheka kwa hilo. Eva alipolazwa kwa uchungu wa Evaline, uchungu ambao nusura umwondoe, Balozi alikuja mwenyewe hospitali akakaa na Kaka kwenye benchi nje ya wodi mpaka mtoto alipolia. Kaka hakuwahi kuisahau benchi ile. Nilipomlaumu baadaye kwa mengine, ndiyo aliyonitajia.

Kisha kule kwao kukatokea mapinduzi. Ilianza kwa bei ya mkate. Vijana wakajaa barabarani, wakapigwa, wakarudi wakiwa wengi zaidi, halafu siku moja askari wakageuka wakasimama upande wa vijana. Rais aliyemteua Balozi akakimbia. Pale ubalozini, mtu wa pili kwa cheo, ambaye Kaka alimwita Mshauri, alikuwa akila meza moja na Balozi kila Jumapili. Mshauri alimshika Balozi mkono, akamwambia watulie, wasimame pamoja. Baada ya hapo akamfuata Kaka kwenye gari.

"Kesho ukimchukua Mzee usimlete ofisini," akamwambia. "Mpeleke uwanja wa ndege, kuna watu watampokea. Ukifanya hivyo kazi yako ipo. Usipofanya, madereva ni wengi mjini."

Kaka alikwenda moja kwa moja kwa Balozi akamwambia yote. Balozi akauliza, "Kwenu ni mbali?"

"Ni mbali, Mzee. Na ni baridi."

Funguo za gari la ubalozi Kaka aliziacha mezani, wakapanda basi kama watu wengine. Alimvalisha Balozi koti lake la zamani na kofia. Kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, Kaka aliwaambia abiria kwamba huyu ni mjomba wake na koo linamuuma. Abiria mmoja, mama mwenye huruma, alimlisha tangawizi mbichi kutoka Dodoma mpaka Babati.

Mimi wakati huo nilikuwa Gitting kumuuguza Mama, ambaye alikuwa ameanguka na kuumia mguu. Eva na Evaline walikuwa wameshahamia kwake kutoka Dar es Salaam. Walifika mchana, mvua ikinyesha. Kaka akasimama mlangoni, maji yanamtiririka.

"Shikamoo Mama. Nimekuja na mgeni."

"Marahaba. Namwona, analowa. Mwingize ndani, mbona unamtambulisha kwa mvua?"

Mama alimpa maziwa ya mgando, akampa blanketi la marehemu Baba, akampa na jina. Kwetu mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Tluway, na Mama alisema mgeni aliyekuja na mvua ni vilevile. Jina lake halisi halikuwahi kutajwa nyumbani kwetu.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo wasio wa huku hawaliamini. Sisi mgeni hatumuulizi amekuja kufanya nini. Unampa chakula, unampa pa kulala, na safari yake ataisema mwenyewe siku akitaka. Ukimuuliza mapema ni kama umemwonyesha njia ya kuondoka. Kaka aliniambia mimi na Eva, basi. "Mama msimwambie cheo chake," alisema. "Ataanza kuhangaika na vikombe."

Mzee Bura, jirani yetu, alikuwa balozi wa nyumba kumi kwenye kitongoji chetu, na ilikuwa kazi yake kujua nani kalala wapi. Akaja kama inavyotakiwa.

"Perpetua," akamwambia Mama, "naona una mgeni."

"Ninaye."

"Anatoka mbali?"

"Viatu vyake vinasema hivyo."

"Atakaa?"

"Hajasema."

"Basi," akasema Mzee Bura, akamaliza chai yake akaondoka. Kwake kazi ilikuwa imekwisha.

Tluway alikaa nasi majuma kadhaa. Alikaa na Mama jikoni wakipukuchua mahindi, kila mmoja akiongea lugha yake, na wakielewana kwa namna yao. Evaline, wakati huo mwanafunzi wa shule ya msingi, alimfundisha kusema shikamoo. Akawa anawaamkia watu wote, hata watoto wa majirani, nao wakawa wanapita kwetu makusudi ili waamkiwe. Mama alimtetea. Alisema heshima haijawahi kumzidi mtu.

Lakini kila siku aliazima simu ya Kaka, akaenda nyuma ya zizi, akaongea kwa lugha ya kwao kwa muda mrefu. Kaka alimshauri mara nyingi aende kwenye ofisi za serikali yetu aombe hifadhi, aeleze wazi. Yeye alijibu kwamba anasubiri kidogo. Mimi nilidhani anatafuta habari za watoto wake, na labda ni kweli. Sasa naamini alikuwa pia akipatana na wale waliochukua nchi.

Siku walipokuja tulikuwa tunakula makande. Gari kubwa lilisimama kwenye ngano ya jirani. Wakashuka Mshauri, maofisa wawili wa serikali yetu, na mwenyekiti wa kijiji. Mzee Bura alikuja nyuma kwa miguu, akihema. Kaka akainuka, lakini Mama akamwambia amletee kigoda. Mama akakiweka mlangoni, akakaa, mguu mbovu ukiwa umenyooka mbele yake.

"Shikamoo mama," Mshauri akasema kwa Kiswahili kizuri. "Tumemfuata mzee wetu."

"Marahaba. Mzee wenu anakula."

"Tunaweza kusubiri."

"Subirini. Akimaliza akitaka kutoka atatoka. Asipotaka, mlango wangu ni mwembamba, na mguu huu hausogei."

Ofisa mmoja akachuchumaa mbele yake kwa adabu. "Mama, unajua huyu ni nani?"

"Ni Tluway."

"Alikwambia amekuja kufanya nini hapa?"

"Sijamuuliza."

"Majuma yote haya?"

"Kijana, kwenu mgeni mnamuuliza?"

Ofisa akamgeukia Mzee Bura. "Na wewe mzee, kiongozi wa eneo? Balozi mzima yuko hapa na wewe hukuuliza?"

"Balozi gani?" Mzee Bura akasema. "Balozi wa hapa ni mimi."

Maofisa walicheka. Mzee Bura hakucheka, kwa kuwa alikuwa amesema kweli, na nadhani hapo ndipo uchungu wake ulipoanza.

Wakati huo Tluway akatokea nyuma ya Mama. Alikuwa amevaa suti yake, ambayo Mama alikuwa ameifua na kuinyoosha chini ya godoro. Akapita pembeni ya kigoda, akaenda akamkumbatia Mshauri. Wakapigapigana mgongoni kama ndugu. Ofisa akamuuliza kwa Kiingereza kama alikuja hapa kwa hiari yake.

Naye akajibu kwa Kiingereza, akiangalia viatu vyake. Alisema dereva huyu ndiye aliyemchukua. Alimtisha kwamba anatafutwa kuuawa, akamleta milimani, na familia hii ikamlinda asiondoke. Alisema yeye hajawahi kuikana serikali mpya ya nchi yake. Alizuiwa tu kuitumikia. Alisema polepole, neno kwa neno, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi. Mimi niliyasikia yote. Nilikuwa nimesimama na bakuli lake la makande mkononi.

Mama akainua uso. "Amesema nini?"

Mimi nilifungua mdomo. Kaka akaniwahi.

"Anashukuru, Mama," akasema. "Anasema tangu azaliwe hajawahi kulala usingizi kama wa hapa."

"Mwambie na sisi tunashukuru. Mwambie aje tena wakati wa mavuno, aone ngano ikiwa imeiva."

Kaka akamgeukia Tluway, akamwambia kwa Kiingereza chake cha udereva: mama yangu anakushukuru, anasema uje tena wakati wa mavuno. Mshauri akamshika Tluway kiwiko akampeleka kwenye gari.

Nilimkumbuka Petro uani kwa kuhani mkuu, akiota moto pamoja na watumishi, akisema simjui mtu huyu. Nimesikia injili hiyo kila Juma Kuu tangu utoto, na daima nilidhani ningemtambua Petro nikimwona. Nilimwona akiwa na suti iliyonyooshwa chini ya godoro la mama yangu.

Wakamchukua na Kaka. Alimuaga Mama kwa kumwambia anarudi na Mzee wake kazini, naye akamwombea safari njema.

Walimshikilia kwa muda, wakamhoji, na kwao alieleza ukweli wote. Hawakupata kesi, wakamwachia. Lakini ubalozi ulikuwa umemfukuza, na ofisi nyingine za kigeni zilikuwa zimesikia upande mmoja tu wa habari. Akarudi Gitting kushika jembe. Mama aliambiwa kwamba Tluway amehamishwa na dereva wake amestaafishwa, akafurahi kuwa mwanawe amerudi nyumbani.

Kijijini mambo yalikuwa mengine. Watu walimcheka sana Mzee Bura. Kwenye pombe walisema balozi mmoja amelala ndani ya nyumba kumi za balozi mwingine, na wa pili hakujua. Wakamwondoa kwenye uongozi. Alikuwa ameutumikia tangu ujana wake, na hasira yake ilihitaji mtu wa kumwangukia. Maofisa walikuwa wamemwambia mwenyekiti kwamba dereva amechukuliwa kwa kuteka balozi, na Mzee Bura ndiye wa kwanza kusema "Mteka Balozi". Jina likashika.

"Baltazar," kijana mmoja alimwambia mnadani Dirma, mbele yangu, "mimi usinibebe, sina ubalozi. Nina ubalozi wa mbuzi tu."

Watu wakacheka. Kaka akamuuliza mbuzi anauzaje.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia, "Kaka, kwa nini husemi? Mimi ni shahidi. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Nikisema, Mama atasikia."

"Na asikie. Ni mtu mzima."

"Mama amepokea watu tangu alipoolewa," akasema. "Wamasai, Wanyaturu, wagonjwa wanaoshindwa kufika hospitali ya Haydom, walevi. Akijua huyu alimlipa nini, ataendelea kuwapa maziwa, lakini kila mmoja atamtazama mara mbili. Sitaki Mama aanze kutazama watu mara mbili. Na mgeni akishakula kwako, Fransi, aibu yake ni yako. Unaibeba, basi."

Nilimwambia huo ni ujinga. Nilitumia neno hilohilo. Akasema inawezekana.

Hakuna aliyethubutu kulitaja jina lile mbele ya Mama. Kwetu mtu hatukanwi mbele ya mzazi wake, na Mama na mguu wake hakufika mbali. Kila Krismasi Kaka alikuwa akimwambia, "Tluway anakusalimia." Mama aliuliza kama amepona koo, kwa kuwa habari ya tangawizi aliambiwa, na Kaka alisema amepona kabisa.

Gharama yake ilikuja kuwa kubwa kuliko kicheko cha mnadani. Evaline alikua, akasoma, akapendana na Kenneth, mjukuu wa Mzee Bura, kijana mwema, mwimbaji wa kwaya. Wazee wa upande wa kijana walipotaka kuja kuposa, Mzee Bura akakataa. Alimfuata Kaka mpaka uani.

"Mimi sina neno na binti," akasema, akishusha sauti kwa heshima ya Mama. "Lakini sitachukua mke kwenye nyumba inayofunga wageni. Kesho watasema nimefungwa na mimi."

Mama alikuwa ndani, dirisha liko wazi. Mimi nilikuwa nimekuja kutoka Tlawi kwa ajili ya posa hiyo. Nilimwangalia Kaka. Sentensi moja tu ingetosha. Evaline alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, tuliiona miguu yake chini ya pazia.

"Nimekusikia, Mzee," Kaka akasema. "Karibu chai."

Mzee Bura hakunywa chai. Eva hakuongea na mumewe kwa siku nyingi, na mimi niliondoka bila kumuaga vizuri. Evaline alimwambia bibi yake kwamba Kenneth anataka kwanza kumaliza masomo. Alikuwa amejifunza kutoka kwa baba yake.

Tluway kule kwao aliinuka. Aliwekwa kwenye serikali mpya, na mara mojamoja uso wake ulionekana kwenye televisheni ya hoteli moja Katesh. Kaka alimwona siku aliyoingia kunywa soda pale. Aliniambia amenenepa. Halafu waliochukua nchi wakapinduana wenyewe kwa wenyewe, na jioni moja, nikiwa Gitting kwa ajili ya kuvuna, simu ya Kaka ikalia kwa namba ndefu ya nje.

Tulijua ni nani kwa jinsi alivyosimama. Alisikiliza, akasema "ndiyo Mzee" mara kadhaa. Akaweka mkono juu ya simu, akatuambia mimi na Eva kwamba Tluway ametoroka, yuko nchi jirani na kwao, anauliza kama anaweza kuja.

Eva akasema, "Anauliza nini?"

"Mwambie kwanza asimame mbele ya watu aseme alichofanya," nikasema. "Mwambie asafishe jina lako, ndipo aje."

Kaka alinitazama. "Mtu anazama, nikamwombe cheti?"

Akampelekea Mama simu, akaiweka kwa sauti ya juu. "Mama, ni Tluway. Anauliza kama kitanda chake kipo."

"Kwani kilikwenda wapi?" Mama akasema, akaisogelea simu kama inavyosogelewa sufuria. "Tluway! Mbona umekaa kimya hivyo?"

Simu ikasema, kwa Kiswahili kilekile cha kuungaunga, "Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Tukamsikia akilia. Alilia kwa muda mrefu, mtu mzima, na Mama akatuangalia akasema koo lile halijapona, aambiwe anywe maji ya moto. Halafu simu ikakatika. Hakuja, na namba ile haikupokelewa tena. Mpaka leo hatujui kilichompata. Nimejifunza kumwombea, ingawa nilichelewa.

Mama alifariki mwaka jana, kwenye kitanda chake, bila kuumwa sana. Baada ya arobaini nilimwambia Kaka kwamba sasa hakuna wa kumficha. Aende kwa Mzee Bura, mtoto apate mume wake. Alikuwa anachambua mbegu za mbaazi kwenye ungo. Alisema amekaa kimya muda mrefu mno, hajui aanzie wapi, na akianza yeye itaonekana anajitetea. "Ukitaka utasema wewe," akasema, "nikiwa sipo." Nilikasirika, nikamwambia hayuko mbali na kwenda kama anavyodhani. Nilimaanisha aache uzembe. Ilikuwa mwezi wa tano, na Kaka hakumaliza mwaka tangu siku hiyo.

Nilifika Gitting siku iliyofuata baada ya simu ya Eva. Wazee wa kamati ya mazishi walinikalisha, wakaniomba wasifu uwe mfupi: kuzaliwa, shule, ndoa, watoto. Mambo ya ubalozi tuyaache, walisema, tusiharibu mazishi. Walikuwa na nia njema. Nikamwendea Eva chumbani.

"Soma yote," akasema. "Mimi jina hilo nimelala nalo kitanda kimoja."

Kaka alizikwa siku ya Alhamisi, karibu na Mama na Baba, nyuma ya nyumba. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Padre alisoma misa chini ya turubai, na kwaya ikaimba, Kenneth akiwa kati yao. Mzee Bura aliketi mbele kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya fimbo.

Zamu yangu ilipofika nilisoma kuzaliwa, shule, lori la misheni, ndoa. Kisha nikasoma kuhusu benchi ya hospitali, kuhusu Mshauri, kuhusu mvua. Nilisoma maneno aliyoyasema Tluway mlangoni kwa Mama, kwanza kwa Kiingereza kama nilivyoyasikia, halafu kwa Kiswahili. Nilisoma jinsi Kaka alivyomtafsiria Mama. 

Nilipomaliza kuhusu mlango, Mzee Bura aliinua fimbo. "Fransiska. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Mzee. Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Sijui Kiingereza." Akafikiri. "Ni yeye mwenyewe aliyesema tulimfunga?"

"Ndiyo."

"Na Baltazar akamwambia Perpetua kwamba anashukuru."

"Ndiyo, Mzee."

"Nami nilisimama palepale," akasema. Nikasoma sehemu iliyobaki, majina ya walioachwa, nikakaa.

Tulimtoa chini ya turubai. Jeneza lilibebwa na vijana wa kitongoji pamoja na Kenneth, ambaye hakuombwa na mtu. Padre alibariki kaburi, akanyunyiza maji ya baraka. Wakamshusha kwa kamba taratibu. Eva alitupa udongo wa kwanza, akafuata Evaline, kisha mimi. Mzee Bura aliletwa akishikwa mkono. Aliinama kwa shida, akachukua udongo kwa mikono miwili, akautupa, akabaki ameinama mpaka mjukuu wake alipomwinua. Kisha vijana wakachukua machepe.

Ilichukua muda, kwa kuwa udongo ulikuwa mzito kwa mvua ya juzi yake. Kwaya iliimba mpaka kaburi likajaa. Wakasimika msalaba wa mbao wenye jina lake, Baltazar Akonaay, na tarehe. Tukaweka mashada, Padre akatoa baraka ya mwisho, na mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwamba chakula kipo. Watu wakapanga mstari kunawa mikono. Evaline alisimama kwenye pipa la maji akiwamiminia, na alipofika Mzee Bura alimwamkia, naye mzee, ambaye siku ya posa hakunywa chai yetu, akaitikia, akanawa.